Kupanda Loleza bila tezi: shajara ya mradi

Jumapili, 6 Aprili 2025

Mradi wenyewe ni huu: Nane Nane isipite kabla sijatoka nyumbani Isanga kwa miguu hadi karibu na minara ya mawasiliano iliyo juu ya mlima Loleza, hapa Mbeya, nikarudi, na kesho yake nikaamka na kwenda kazini kama kawaida. Hilo la kesho yake ndilo muhimu kuliko yote. Kilele kiko mita 2,656 na mji wetu uko kama mita 1,700, kwa hiyo kuna mita mia tisa hivi za kupanda. Wanafunzi wa sekondari huenda asubuhi wakarudi kuwahi chakula cha mchana.

Mimi nina miaka 45, ni fundi cherehani pale Mwanjelwa, na sina tezi ya shingo. Ilitolewa yote mwaka 2023. Goita ilikuwa imekua hadi nikiinamia cherehani pumzi inakata, na ugali ukawa unakwama kooni. Tangu hapo nameza kidonge cha levothairoksini, homoni ya kuziba pengo la tezi, kila siku, mikrogramu 100, na nitameza hadi nizikwe. Sina kinyongo nacho. Wapo wanaomeza vitu vigumu zaidi.

Kinachonikera ni uchovu. Wananiambia "fanya mazoezi, mama", nafanya wiki mbili, nazidi kuchoka, naacha. Nimefanya hivyo mara tatu. Safari hii naandika kila kitu: saa ya kidonge, chakula, mapigo ya moyo ninapoamka, na nimetembea kiasi gani. Daftari ni lile la vipimo vya wateja, nimeligeuza kwa nyuma. Mbele kiuno 38 cha mtu, nyuma moyo wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Kliniki. TSH yangu ni 11.8, wakati kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Mwanangu wa kidato cha tatu aliona namba imepanda akafurahi, akadhani homoni zimejaa. Ni kinyume. Nilimweleza hivi: TSH ni konda. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kazi yake ni kuita homoni. Daladala ikiwa tupu konda anapiga kelele "Uyole, Uyole, Uyole" mpaka sauti inakauka. Ikijaa anakaa kimya. Kumi na moja nukta nane maana yake konda wangu anapiga kelele stendi nzima inamsikia na gari halina abiria.

Daktari amepandisha dozi hadi mikrogramu 125. Vidonge vya 125 havikuwepo duka la dawa, kwa hiyo nimepewa vya 100 na vya 50, nikate cha 50 katikati. Nakata kwa wembe ule ule aina ya kufumulia mshono (mpya, jamani). Nirudi kupima baada ya wiki sita hadi nane.

Kwa nini wiki sita? Nimeuliza. Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu. Inachukua kama siku saba kwa nusu yake kuondoka. Ukibadilisha dozi leo, mwili haujui vizuri mpaka wiki ya tano au ya sita. Ukisahau siku moja hutaanguka, lakini ukikosea kila siku, kosa litakuja kudai deni lake mwezi ujao, na hutakumbuka ulilikopa wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Vipimo vya kuanzia, ili nisije kujidanganya baadaye:

Mapigo nikiamka, kabla ya kuteremka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima kwa saa ya simu: 56. Uzito kilo 69. Kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu: mara 6, ya saba nilishika meza. Hili si jambo dogo. Kabla ya leo nilikuwa nashika ukuta kuinuka chooni na sikuwahi kumwambia mtu. Homoni ikipungua, misuli mikubwa ya mapaja na mabega ndiyo inayolegea mapema, na choo chetu cha kuchuchumaa ni maabara tosha.

Kutembea: dakika 25, tambarare, barabara ya lami. Miguu kama nimefungiwa mifuko ya mchanga.

Jumanne, 15 Aprili

Juzi Jumamosi nilipanda kipande cha barabara ya kwenda mlimani, ile inayopita hospitalini kuelekea kaskazini. Dakika 15 tu za mwinuko. Leo ni siku ya tatu na mapaja bado yanauma kama nimepigwa mti wa mwiko. Usiku misuli ya vigimbi inakaza, naamka naikandakanda.

Zamani hapa ndipo nilipoacha. Nilijua mimi ni mvivu tu na umri umeenda. Safari hii nilimuuliza muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima asiye na papara. Akaniambia misuli inahitaji homoni hiyo ili itumie sukari na mafuta vizuri na ijijenge upya baada ya kazi. Ikiwa pungufu, maumivu ya siku moja yanakaa siku nne. Moyo nao unapiga polepole na kwa nguvu ndogo, kwa hiyo hata ukiwa na nia, damu haifiki miguuni kwa kasi unayoihitaji. "Tembea, lakini tembea kwa TSH yako, siyo kwa TSH ya jirani," akasema. Nimeipenda hiyo.

Kanuni mpya: mwendo wowote ambao siwezi kumwambia mwanangu sentensi nzima bila kukata pumzi, haufanyiki.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimejifunza jambo ambalo miaka miwili hakuna aliyeniambia, au aliyeniambia alinong'ona.

Nilikwenda duka la dawa karibu na soko kuchukua vidonge vya kalsiamu. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine nne ndogo sana zinazolinda kalsiamu ya damu, na kwenye upasuaji wangu zilitikiswa. Nisipomeza kalsiamu vidole vinachoma kama sindano na midomo inakufa ganzi. Kijana aliyekuwa zamu akanisalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba." Akauliza, "Na ile ya tezi unameza saa ngapi?"

Nikajibu kwa majivuno kabisa, maana mimi ni mtu wa utaratibu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vyote pamoja, kidonge cha tezi, kalsiamu na uji.

Akaweka kalamu chini. "Uji gani, mama?"

Uji wa lishe. Mahindi, ulezi, karanga, soya. Nasaga mwenyewe. Siku nyingine badala ya uji ni kahawa nyeusi, shemeji yangu yuko Mbozi, hatuishiwi kahawa.

Yule kijana hakunicheka, namshukuru. Akanichorea nyuma ya bahasha ya dawa. Levothairoksini inataka tumbo tupu, na maji matupu, basi. Kisha nusu saa, bora saa nzima, ndipo chochote kiingie. Kalsiamu inaishika ile dawa tumboni na kutoka nayo, kwa hiyo zipishane saa nne. Vidonge vya damu, yaani vya madini ya chuma, hivyo hivyo, saa nne. Dawa za kiungulia nazo. Soya inapunguza kiasi kinachoingia mwilini. Kahawa nayo, hata kama haina maziwa.

Kwa maneno mengine nilikuwa nanunua mikrogramu 100, naziweka mdomoni, halafu nazifunika kwa kila kitu kinachozizuia. Nilihesabu njiani: miaka miwili kasoro. Nimekaa kwenye benchi la soko nikiwa na bahasha mkononi, nikicheka peke yangu kama chizi, hadi muuza maparachichi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Ratiba mpya, imebandikwa mlangoni:

Saa 11 alfajiri kidonge na glasi ya maji, narudi kulala au nafagia. Kutembea saa 11 na nusu. Uji saa 1 kamili nikirudi. Lakini uji sasa hauna soya. Soya imehamia maharage ya usiku. Kahawa saa 4 kazini. Kalsiamu na chakula cha jioni, ambako pia inafyonzwa vizuri zaidi kwa sababu kuna chakula.

Mama mwenye nyumba, Mnyakyusa, aliposoma mlangoni akasema bora kuolewa mke wa pili kuliko kuolewa na kidonge hiki. Kisha akaongeza kwamba na kabichi niache, kabichi inaleta goita. Hilo nalo nililiuliza. Kabichi na muhogo vinaweza kuisumbua tezi pale madini joto yanapokuwa machache. Mimi tezi sina. Kabichi isumbue nini? Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Matope. Viatu vimeharibika. Nimetembea siku nne kati ya saba, dakika 30. Mapigo 60.

Jumapili, 18 Mei

Kuna kitu kimefunguka. Sijui kama naweza kukieleza kwa asiyewahi kukipoteza. Niliamka kabla ya simu kulia. Nilifika darajani nikakuta nimefika, sikumbuki kuhesabu nguzo za umeme. Kuchuchumaa mara 14. Choo hakina tena ukuta.

Mapigo 68. Kilo 67. Dakika 45, na kumi za mwisho ni mwinuko. Maumivu ya mapaja yamekaa siku moja na nusu, kama ya binadamu wengine.

Jumapili, 1 Juni

Kilo 65. Mapigo nikiamka 78. Nilipanda hadi pale miti ya kupandwa inapoanza, saa moja na dakika kumi kwenda tu. Sikusikia baridi, na asubuhi ya Juni Mbeya wote mnaijua, watu wamevaa makoti mawili na kofia ya kufuma. Mimi kanga na fulana. Mwanangu ananiita mashine.

Nimeshona magauni saba ya kipaimara kwa siku nne. Kazi ya wiki.

(Nimerudi kusoma ukurasa huu Julai. Mapigo kutoka 56 hadi 78, mtu anayefanya mazoezi. Mazoezi hupunguza mapigo ya kuamka. Namba ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe na sikuiona.)

Jumatano, 11 Juni

Nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Nimefanya kazi hii tangu nina miaka 19. Natunga uzi gizani umeme ukikatika. Leo mchana, mwanga wote, sindano ya kupindia kwa mkono, uzi mweusi. Nikalamba ncha, nikaisogeza, ikapita kushoto. Nikalamba tena, kulia. Mara ya tano nikaona kwamba tatizo siyo jicho. Ncha ya uzi ilikuwa inacheza yenyewe, kidogo sana, kama unyoya wa kuku kwenye upepo. Nikanyoosha vidole mbele ya dirisha. Vinatetemeka vyote kumi.

Fundi jirani akasema ni njaa. Nikala. Havikuacha.

Sasa nikijumlisha: naamka saa tisa usiku macho makavu, nawaza vitambaa. Natoka jasho kwenye baridi hii. Chooni mara tatu kwa siku. Mapigo leo 94.

Jumapili, 15 Juni

Nilijua na bado nilikwenda. Naandika hivyo ili isije ikasomeka vinginevyo.

Nilimwambia mwanangu leo tunapita pale kwenye miti. Mwinuko wa pili, dakika ya 50, moyo ukaanza kupiga shingoni. Siyo haraka tu. Ulikuwa unaruka hatua, kama pedali ya cherehani yenye mkanda uliolegea: inashika, inateleza, inashika. Sentensi haikutoka. Nilikaa kwenye jiwe. Mwanangu alishika mkono wangu akahesabu kwa simu, nilimfundisha mwenyewe. Baada ya dakika tano za kukaa ilikuwa bado 132.

Chini mji wote ulikuwa unaonekana, mabati yanameta, na mimi nilikuwa nawaza ada ya muhula wa pili.

Tukashuka polepole, tunakaa kila baada ya mita mia. Yeye hakusema neno hadi nyumbani. Kisha akasema, "Mama, kesho hospitali. Usinijibu."

Jumatatu, 16 Juni, na majibu ya Jumatatu, 23 Juni

Kipimo cha umeme wa moyo: unakwenda mbio lakini mpangilio wake ni sawa, hakuna kilichoharibika. Wakachukua damu.

TSH: 0.05. Konda amenyamaza kabisa. Gari limefurika, watu wananing'inia mlangoni.

Hesabu yake ni rahisi ukishaiona. Dozi ilipandishwa Aprili kwa sababu TSH ilikuwa juu. TSH ilikuwa juu kwa sababu kalsiamu, soya na kahawa vilikuwa vinaiba dawa. Wiki mbili baadaye nikawafukuza wezi wote kwa mpigo mmoja, nikabaki na dozi iliyoongezwa kufidia wizi. Na sikuwaambia kliniki kwamba nimebadilisha saa. Kwangu ilikuwa ratiba ya jikoni, siyo habari ya daktari. Kwa kawaida kwa mtu aliyetolewa tezi yote wanakadiria mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito: kwa kilo 65 inakuja 104. Nilikuwa nameza 125, na kwa mara ya kwanza zilikuwa zinaingia bila kuibwa.

Daktari alikuwa mkali kwa upole. "Mama, uliposikia una nguvu hukuwa na afya, ulikuwa na homoni nyingi." Homoni ikizidi kwa muda mrefu, moyo unaweza kupoteza mpangilio wake, hasa umri ukisogea, na mifupa inapungua uzito, jambo ambalo mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hahitaji kuongezewa. Na zile kilo nne nilizozifurahia, sehemu yake ni misuli.

Dozi irudi 100. Vipande vya 50 viachwe. Kupanda mlima marufuku hadi kipimo kingine. Kutembea tambarare kunaruhusiwa, kwa kipimo cha sentensi nzima. Wiki sita tena.

Mimi niliuliza swali la kijinga: kwa kuwa ni mazoezi ndiyo yaliyonifikisha hapa, niyaache? Akasema mazoezi ndiyo yaliyokufichulia. Mtu aliyekaa angekuja kugundua baadaye sana.

Ijumaa, 27 Juni

Nimehesabu vipande vya nusu vilivyobaki: 23. Mimi Mkinga wa Makete, kwetu kitu chenye bei hakitupwi, hata kifungo kilichopasuka kina kopo lake. Jioni nzima nimekaa navitazama. Nimewarudishia duka la dawa wavitupe wao. Mwanangu anasema hajawahi kuniona na sura ile.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Baridi ya kweli. Wanaotoka Uyole wanasema asubuhi majani yana unga mweupe wa barafu.

Wiki ya pili ya kukaa chini, na hii ndiyo sehemu ngumu ya mradi. Kupanda si kazi. Kazi ni kutembea tambarare dakika 30 taratibu, unapitwa na bibi mwenye mkungu wa ndizi kichwani, huku unajua njia ya mlima iko pale kushoto. Mapigo 88. Naamka saa kumi usiku, siyo saa tisa. Vidole bado.

Dawa niliyoizidisha haijaisha mwilini. Nusu ya kilichozidi kwa wiki, nusu ya kilichobaki kwa wiki inayofuata. Hakuna jasho litakaloiharakisha. Najiambia hivyo kila asubuhi nikiwa na viatu mguuni.

Kwa kuwa sina la kufanya nimeanza kuinua jora la kitambaa, polepole, nikiwa nimekaa, mara kumi kila mkono. Daktari alisema misuli irudishwe kidogokidogo. Jora la kitenge ni zito kiasi cha kutosha na halina ada ya mwezi.

Jumapili, 20 Julai

Mapigo 76. Nimelala hadi saa 11.

Mama amekuja kutoka Makete na viazi mviringo gunia zima. Aliona ratiba mlangoni, akashika kovu langu la shingo kama anavyofanya kila akija, akasema, "Bibi yako aliliita mtoto wake." Alikuwa anazungumzia rovu, yaani goita, la bibi. Nilikuwa mdogo, miaka ya 1980, na kijijini nusu ya wanawake watu wazima shingo zao zilikuwa zimejaa. Hatukuona ni ugonjwa. Tulidhani ni utu uzima, kama mvi. Bibi alilifunga kwa kitambaa akienda kanisani.

Milima hii mvua imeosha madini joto kwenye udongo kwa miaka mingi, na bahari iko mbali, samaki wake hatuwajui. Kilichokuwa hakimo kwenye udongo hakikuwemo kwenye viazi wala kwenye mtu. Mama anakumbuka walivyopewa vidonge vya mafuta yenye madini joto zahanati, na baadaye, katikati ya miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ikawa ndiyo chumvi. Kabla ya hapo walikula ya mawe. Siwezi kusema goita yangu ilitoka huko moja kwa moja. Daktari hakusema hivyo, na goita ina sababu nyingi. Ila nilipomtazama mama akimenya viazi vile, shingo yake nayo ina kauvimbe kadogo upande wa kulia ambako amekazoea. Nimempeleka kupima Jumanne. Homoni zake ziko sawa, wanamwangalia tu. Naye amekataa katakata kutembea na mimi asubuhi: "Mimi nimetembea miaka 70, mwanangu. Wewe ndiye unadaiwa."

Jumatatu, 4 Agosti

Damu imetolewa, wiki sita kamili. Nimeitoa asubuhi kabla ya kumeza kidonge. Mapigo 66.

Alhamisi, 7 Agosti

TSH 2.7.

Nimeomba ruhusa ya mlima kama mtoto anayeomba kwenda disko. Daktari akasikiliza moyo, akahesabu, akasema twende, lakini tambarare kwanza, mwinuko taratibu, ukishindwa kusema unasimama, na usiende peke yako. Nimemwambia saa ya kidonge changu, chakula changu, kalsiamu yangu, soya yangu na kahawa ya shemeji, yote, bila kuulizwa. Ameandika kwenye faili.

Jumapili, 10 Agosti

Kidonge saa 10 alfajiri, maji glasi moja. Saa 11 viazi vya mama viwili vya kuchemsha na chumvi, chai ya rangi. Maziwa nimeyaacha nyumbani. Mfukoni: maji lita moja na nusu, ndizi mbivu nne, kalsiamu mbili kwa ajili ya vidole vikianza kuchoma, peremende. Mwanangu na rafiki yake. Tumeondoka saa 11 na nusu, giza, mbwa wawili wametusindikiza hadi mwisho wa nyumba.

Mwendo wa kwanza nilikuwa wa mwisho na niliamua kubaki wa mwisho. Kila baada ya dakika ishirini mwanangu aligeuka: "Sema." Nami nasema. Mwanzoni nilisema mambo ya maana. Baadaye nikaishiwa, nikawa nasoma vipimo vya wateja kwa kichwa: kifua 42, kiuno 38, urefu wa gauni 54, mikono ya bwanga. Yule rafiki yake lazima alidhani mlima umenipanda kichwani.

Pale kwenye jiwe la Juni tulikaa kwa makusudi. Mapigo 128 nikifika. Baada ya dakika tano 84. Nikaandika hapo hapo, penseli inakwaruza kwa sababu ya umande. Jua lilikuwa linatoka upande wa Uyole na baridi ilikuwa inauma masikio. Nilihisi baridi! Juni sikuihisi.

Kutoka hapo njia inakuwa kali, majani makavu yanateleza. Nilisimama mara saba. Mara mbili ni kwa sababu sentensi haikutoka, mara tano ni kwa sababu ya kutazama. Mwinuko wa mwisho mapaja yalianza kuungua, ule uchomaji wa kawaida wa mtu anayepanda, ambao ukisimama dakika mbili unaondoka.

Hatukufika kabisa kwenye minara, mahali pale si pa kuchezea. Tuliishia chini yake kidogo, pa kuona uzio. Saa 3 na dakika 20. Saa tatu na dakika hamsini njiani. Yule kijana rafiki alisema yeye na wenzake hutumia chini ya saa mbili na nusu. Nilimpa ndizi ili anyamaze.

Kushuka ndiko kulikoniadhibu magoti. Saa 6 na robo mchana tuko nyumbani. Kalsiamu sikuihitaji njiani. Nimeimeza na chakula cha usiku, saa yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mapigo 68. Mapaja yanauma, naingia chooni nikiguna, lakini sishiki ukuta.

Kidonge saa 11, maji. Sikutembea, leo ni kupumzika. Nimekaa mlangoni na koti, nikisubiri saa yangu moja ipite, huku uji unachemka bila mimi. Kazini saa 2. Kulikuwa na gauni la bibi harusi la kupindwa kwa mkono, shifoni, sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo. Nimelamba uzi, umeingia mara ya kwanza.

Kipimo kingine ni Februari.